Wageni wanaingia kwenye tovuti yangu ya asali, wanaangalia, wanaondoka. Wanakwama wapi?

MrinaAsali_Arua · Jumatatu, saa 2:10 usiku
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, na mnieleze wazi bila kunionea haya.

Nauza asali hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nina mizinga 46, mingine ya magogo niliyorithi kwa baba, mingine ya KTB, yaani ya mbao yenye vijiti juu. Mwaka jana nilimlipa kijana anitengenezee tovuti ya kuuzia, kwa sababu wateja wa Kampala walikuwa wananiuliza kila mara bidhaa zangu wazione wapi. Pesa ya mavuno ya msimu mzima iliingia humo. Mwezi uliopita takwimu zinaonyesha watu 412 waliingia. Oda zilikuja 3, na mbili kati ya hizo ni za watu wanaonijua.

Asali ni nzuri, hilo sina shaka nalo. Chupa ya kilo moja ni 25,000. Nimeweka picha, nimeandika historia ya shamba letu tangu enzi za babu, kitufe cha WhatsApp kipo. Hao 409 walitaka nini wakakikosa?

Kiungo kiko kwenye wasifu wangu. Asanteni.

DadaVitenge · saa 2:31 usiku
Pole kaka. Nimeingia. Hiyo 25,000 umeitaja hapa, kule kwenye tovuti sijaiona. Nimeshuka mpaka chini kabisa nikakuta maneno "Wasiliana nasi kwa bei". Hapo nikafunga, na mimi ni mnunuzi kweli, asali nyumbani kwangu haimalizi mwezi.

Nauza vitenge Kikuubo, Kampala, mwaka wa tisa sasa. Dukani mteja akiuliza bei namtazama kwanza, namtajia, anavuta chini, tunacheka, tunakubaliana. Mtandaoni hatuonani. Asipoona bei anawaza mawili: ni ghali, au utamkadiria kwa sauti yake akipiga simu. Bandika bei, kaka.

FundiKurasa_Ntinda · saa 2:52 usiku
Dada ana hoja, ila naamini wengi hawakufika hata hapo pa kukosa bei.

Nimepima ukurasa wako wa mwanzo. Una picha 9, zote zimepakiwa vile zilivyotoka kwenye kamera ya simu, kila moja karibu MB 3 na nusu. Jumla ukurasa mmoja unavuta MB 31. Kwangu hapa kuna waya na umechukua sekunde 14. Aliyeko kwenye taxi pale Kalerwe na baa mbili za mtandao ataona rangi nyeupe tu, halafu atarudi alikotoka.

Dawa yake haina gharama. Punguza upana wa picha uwe pikseli 1080, uzihifadhi kwa mfumo wa WebP, aina ya faili nyepesi la picha, kila moja isizidi KB 150. Zile picha zinazozunguka zenyewe juu, zitoe. Picha 3 zinatosha. Ukimaliza, pitisha anwani yako kwenye PageSpeed Insights ya Google, ni bure, itakuonyesha kilichobaki. Google walipochapisha takwimu zao mwaka 2016 walisema zaidi ya nusu ya wanaoingia kwa simu, asilimia 53, huondoka ukurasa ukizidi sekunde 3.

BodaWaWandegeya · saa 3:05 usiku
MB 31 banange! Mimi nimeifungua kabla sijasoma hapa, ndiyo maana bando langu la leo limekatika. Na juu yake tunalipa ile 200 ya OTT, kodi ya mitandao ya kijamii, kila siku. Nani atachezea MB kuangalia chupa?

Mwalimu_Entebbe · saa 3:20 usiku
Ndugu yangu wa boda, ile OTT ya shilingi 200 kwa siku ilianza Julai 2018 na ikafutwa 2021. Tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya bando lenyewe, kwa hiyo unalipa pale unaponunua na huioni. Hoja yako inabaki vilevile: kila MB ina bei, na mteja analijua hilo kuliko muuzaji.

Na wewe Fundi, hizo 53 za Google hazikupimwa hapa kwetu. Mtu wa Kampala ana subira zaidi anapokitaka kitu. Mwanangu husubiri matokeo ya mpira dakika nzima.

FundiKurasa_Ntinda · saa 3:26 usiku
Sawa mwalimu, nakubali kipimo si cha hapa. Ila mwanao anaijua timu yake. Asali ya Arua hajaijua bado.

Mzee_wa_Bombo · saa 3:48 usiku
Wanangu, mnazungumza picha na sekunde. Mimi nina miaka 67 na nimenunua asali maisha yangu yote. Nikiona asali mtandaoni swali langu ni moja tu: hii ni asali au ni sukari guru iliyochemshwa? Mwaka juzi niliagiza lita 5 kwa mtu niliyemwona mtandaoni, nikalipa yote mbele. Ilikuja nyepesi kama chai, na simu yake haikupatikana tena. Tangu siku hiyo nanunua kwa mtu ninayemjua uso.

Tovuti ya huyu kijana nimeipitia. Nimeona mizinga, nimeona maua, nimeona machweo. Uso wa mwenye asali sikuuona. Jina la mtu halipo, pameandikwa "sisi" tu. Ninyi nani?

MrinaAsali_Arua · saa 4:02 usiku
Shikamoo mzee. Umenigusa. Yule kijana aliyenitengenezea tovuti aliniambia "sisi" inaonyesha kampuni kubwa, kwa hiyo tukaliondoa jina langu. Shambani niko mimi, mke wangu na mdogo wangu.

Na hilo la sukari ndilo linaloniumiza zaidi. Mwezi wa nne mteja alinirudishia chupa 6 kwa sababu iliganda ikawa chengachenga. Akasema nimemuuzia sukari. Asali safi huganda! Nikamweleza, hakukubali, nikamrudishia pesa yake.

NyukiNaMaua_Masindi · saa 4:19 usiku
Mrina, hiyo "Asali safi huganda" ndiyo sentensi ambayo tovuti yako yote ilihitaji, na hujaiandika humo.

Kuganda ni glukosi, aina mojawapo ya sukari, inayojitenga na maji yaliyomo ndani ya asali. Asali zote mbichi huelekea huko, ile yenye glukosi nyingi inawahi, na pakiwa na baridi ndiyo inakimbia zaidi, ndiyo maana wateja wa Kabale hulalamika mapema kuliko wa Arua. Unaiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, inarudi. Andika hayo pembeni ya picha ya chupa iliyoganda. Ndiyo, piga picha ya ile iliyoganda uiweke! Mteja akiipata imeganda atakumbuka ulishamwambia.

DadaVitenge · saa 4:25 usiku
Kwani ile ya kuwasha kiberiti kilichochovywa kwenye asali si inaonyesha? Mama yangu alikuwa anapima hivyo.

NyukiNaMaua_Masindi · saa 4:33 usiku
Hapana dada. Kiberiti, tone kwenye glasi ya maji, tone kwenye karatasi, zote zinapima unyevu na uzito tu. Shira nzito ya sukari inafaulu mitihani yote hiyo, na asali safi iliyorinwa mapema ikiwa na maji mengi inafeli. Kiwango cha kimataifa cha vyakula cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20, na kuna kifaa kidogo cha kuonyesha hilo, refraktomita. Ukweli wa sukari unapatikana maabara.

Tena Mrina, usiweke video ya kiberiti kwenye tovuti yako kama wanavyofanya wengi. Anayejua atakudharau, asiyejua atamwamini na tapeli anayefanya hivyohivyo.

BodaWaWandegeya · saa 4:40 usiku
Aweke ile alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, basi, kila mtu anaijua.

NyukiNaMaua_Masindi · saa 4:44 usiku
Aiweke akiwa ameipata. Alama ya Q hutolewa kwa kibali, baada ya UNBS kukagua mahali pa kufungashia na kupima bidhaa. Kuinakili tu kutoka Google ni kosa. Mrina, una kibali?

MrinaAsali_Arua · saa 4:51 usiku
Bado, niko kwenye maombi. Sitaiweka mpaka itoke.

KalamuYaJinja · Jumanne, saa 1:15 asubuhi
Nimeusoma uzi wote na chai yangu. Bei, uzito wa picha, uso wa mwenye mali, yote sawa. Sasa someni kile mteja anachokikuta kwanza. Nainukuu tovuti yenyewe:

"Karibu katika tovuti yetu. Sisi ni wazalishaji mahiri wa mazao ya nyuki wenye dira ya kuwa kinara katika ukanda wa Afrika Mashariki."

Mteja kaja na mkate mkononi, anatafuta asali, anapewa dira. Hayo ni maneno ya kuombea ruzuku. Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, na wenzake walipima usomaji wa kurasa mwaka 1997 wakakuta asilimia 79 ya watu wanapitisha macho tu, asilimia 16 ndio wanaosoma neno kwa neno. Basi maneno yanayoonekana kabla mtu hajashusha kidole ndiyo mfanyakazi wako wa mlangoni.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

"Asali mbichi ya Arua, tunairina wenyewe.
Chupa ya kilo 1: sh. 25,000. Ukiagiza leo kabla ya saa 9 alasiri, kesho iko Kampala.
Ikiganda, ni kawaida yake. Ikiharibika njiani, tunakurudishia pesa."

Chini yake kitufe kimoja: "Agiza chupa". Si "Bofya hapa", si "Jifunze zaidi". Halafu picha yako na mkeo mmeshika sega. Hadithi ya babu ni nzuri sana, nimeisoma yote, lakini iende ukurasa wa pili, kwa wanaotaka kujua.

Mwalimu_Entebbe · saa 1:40 asubuhi
Kalamu, umeandika vizuri, ila utafiti huo wa 1997 ulikuwa wa watu waliokaa mbele ya kompyuta ya mezani. Leo watu wanashusha kidole mpaka usingizi uwachukue. Na mimi ile hadithi ya babu ndiyo iliyonifanya nitamani asali yake. Babu kupanda mti wa mwarobaini usiku na mwenge, nyuki wanavuma, hiyo ndiyo inayouza. Kila mtu ana asali ya kilo moja. Nani mwingine ana babu huyo?

KalamuYaJinja · saa 1:52 asubuhi
Mwalimu, uliinunua?

Mwalimu_Entebbe · saa 1:55 asubuhi
Bado.

KalamuYaJinja · saa 1:56 asubuhi
Haya.

Mwalimu_Entebbe · saa 2:20 asubuhi
Sikununua kwa sababu sikujua itanifikiaje Entebbe. Si kosa la babu.

SinaTovuti_Mbarara · saa 3:10 asubuhi
Samahani nitasema kinyume. Mimi nauza samli na ghee ya Ankole, sina tovuti na sihitaji. Kila asubuhi naweka picha kwenye status ya WhatsApp, kufikia saa 6 mchana debe limeisha. Tovuti ni ya watu wenye benki na hoteli. Mrina chukua pesa ya hosti, ile unayolipia tovuti ikae mtandaoni, ununue mizinga mingine 5.

FundiKurasa_Ntinda · saa 3:25 asubuhi
Samli na ghee si kitu kimoja hicho? 😀 Status inaonwa na wenye namba yako tu. Wewe una wateja waliokujua sokoni kwa miaka. Yeye anataka mtu wa Muyenga asiyemjua. Mtu huyo anaandika "asali safi Kampala" kwenye Google, na Google haifungui status ya mtu.

DadaVitenge · saa 3:41 asubuhi
Na nikumbushe kitu. Januari 2021 Facebook ilipofungwa hapa Uganda, mimi biashara yangu yote ilikuwa kule. Wateja 1,800 kwenye ukurasa wangu, picha za miaka mitano. Kwa usiku mmoja nikawa siwafikii ila kwa VPN, programu ya kupita kizuizi, na wengi hawakuwa na VPN. Nililia. Tangu hapo nina tovuti yangu ya kurasa mbili tu, na daftari la namba. Huwezi kujenga nyumba yote kwenye kiwanja cha mtu.

SinaTovuti_Mbarara · saa 3:50 asubuhi
Hilo la daftari nakubali. La tovuti nitalifikiria. Samli ni ya kienyeji na ghee ni ile ya kiwandani, kwa wateja wangu hata bei ni mbili, Fundi usinichokoze.

Mpakani_Ariwara · saa 4:30 asubuhi
Salaam kutoka upande wa Congo. Mimi navuka Arua kila wiki kununua bidhaa. Nyote mnasahau lugha. Tovuti ya huyu ndugu kichwa ni Kiswahili, kitufe cha kununua Kiingereza, fomu Kiingereza, ujumbe wa mwisho Kiingereza. Mimi nasoma Kifaransa na Kiswahili. Nilipofika kwenye fomu nikawa sijui ninachokubali. Pesa yangu siwezi kuiweka mahali nisipoelewa.

Wateja wa Ariwara, Aru, hata Juba, soko lao ni Kiswahili na Kiarabu cha kwao. Andika Kiswahili kuanzia juu hadi risiti.

BodaWaWandegeya · saa 4:38 asubuhi
Kampala hapa weka Luganda, Kiswahili watu watadhani ni askari anauza 😀

Mzee_wa_Bombo · saa 5:02 asubuhi
Wewe kijana wa boda, hayo ni mawazo ya zamani. Sisi Wanubi wa Bombo tumezaliwa na Kiswahili kando ya Kinubi, na hatujamshikia mtu bunduki. Tena Katiba ilipobadilishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Wajukuu wako watakuuzia asali kwa Kiswahili.

BodaWaWandegeya · saa 5:06 asubuhi
Nimekubali mzee, nisamehe.

MhasibuNajjera · saa 6:40 mchana
Naomba niulize kabla hamjavunja tovuti yote na kuijenga upya. Hao 412 ni kina nani? Mrina, fungua takwimu zako, angalia nchi na siku. Wanaouza mtandaoni huona wanunuzi wawili watatu kati ya mia kuwa si haba. Ukipata 3 kati ya 412 ni chini ya mmoja kati ya mia, ni kidogo. Lakini kama wageni wenyewe si watu, hesabu nzima inabadilika.

MrinaAsali_Arua · saa 7:15 mchana
Mhasibu, nimeangalia. Uganda 171. Marekani 138, na 120 kati ya hao waliingia usiku mmoja, tarehe 9, kila mmoja sekunde 0! Waliobaki wametawanyika: Kenya 38, Congo 22, Sudan Kusini 19, na kadhalika.

MhasibuNajjera · saa 7:22 mchana
Hao wa usiku mmoja ni roboti za kukagua mitandao, si wanywaji wa asali. Wateja wako halisi ni wale 171, na humo kuna wewe mwenyewe, mkeo na fundi wako mkiangalia kama inafanya kazi. Sema 120 hivi. Tatu kati ya 120 ni mbili na nusu kwa mia. Kwa macho yangu tovuti yako haina ugonjwa mkubwa, ina uhaba wa watu wanaofaa. Peleka karatasi yenye anwani kwenye maduka ya mkate, wapishi, hospitali, misikiti mwezi wa Ramadhani. Leta watu kwanza.

KalamuYaJinja · saa 7:30 mchana
Na mbili kati ya hizo tatu ni za watu wanaomjua. Ukiwatoa, mgeni halisi aliyenunua ni mmoja. Mhasibu, rudia hesabu.

MhasibuNajjera · saa 7:36 mchana
Hapo umenipata. Lakini mmoja kati ya 120 hakuonyeshi ugonjwa upo kwenye maneno. Idadi ni ndogo mno kuamua lolote.

FundiKurasa_Ntinda · saa 8:05 mchana
Jamani ngojeni. Nimebonyeza kile kitufe cha WhatsApp kwa mara ya kwanza. Hakiendi popote! Kinaniambia namba si sahihi. Nimeangalia kiungo chenyewe: kinaanza wa.me/077 na kuendelea. WhatsApp inataka namba ya kimataifa, bila sifuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha, yaani wa.me/25677 na kuendelea. Mrina, kitufe chako kimekufa tangu siku ya kwanza.

Na ukikirekebisha, ongeza mwishoni ?text= na maneno "Habari, nataka chupa ya kilo 1", ili mteja akifungua akute ujumbe uko tayari, abonyeze tu kutuma.

MrinaAsali_Arua · saa 8:11 mchana
Mungu wangu. Miezi 11. Mimi mwenyewe sikuwahi kukibonyeza, kwani ningejiandikia nini?

DadaVitenge · saa 8:14 mchana
Pole sana kaka yangu. Kila Jumatatu asubuhi jifanye mteja. Chukua simu ya mtu mwingine, tena mbovu, ununue kwako mwenyewe mpaka mwisho. Mimi hufanya hivyo na simu ya dada wa kazi.

BodaWaWandegeya · saa 8:30 mchana
Uzi umeisha basi, ni kitufe.

Mwalimu_Entebbe · saa 8:47 mchana
Haujaisha. Namba ya simu iko imeandikwa juu wazi, anayetaka angepiga. Mimi nilipiga? Sikupiga. Narudi kwenye usafiri. Baymard Institute, wanaochunguza maduka ya mtandaoni, wanasema karibu asilimia 70 ya vikapu huachwa bila kulipiwa, na sababu inayotajwa kuliko zote ni gharama za ziada kuwa kubwa, usafiri ukiwemo. Kwenye tovuti hii usafiri hautajwi mwanzo wala mwisho. Asali ya 25,000 kutoka Arua, basi linavuka Pakwach na Karuma, linalala njiani, kisha boda mpaka Entebbe. Mimi nawaza itakuwa 50,000. Labda ni 32,000, nitajuaje?

MrinaAsali_Arua · saa 9:10 alasiri
Mwalimu, basi linachukua 5,000 kwa katoni mpaka paki ya Kampala, hata ukiweka chupa 12. Boda ndiyo inayotofautiana.

Mwalimu_Entebbe · saa 9:14 alasiri
Yaani kwa chupa 12 usafiri ni chini ya 500 kwa chupa! Hilo liandike kwa herufi kubwa. Ningechukua 4 na kuwagawia walimu wenzangu.

BodaWaWandegeya · saa 9:40 alasiri
Sasa hapa mimi ndiye mtaalamu. Napeleka mizigo ya wauza mtandaoni miaka 4. Mkiandika "lipa ukipokea" mtapata oda nyingi, ndiyo, lakini sikilizeni. Wiki iliyopita nilipeleka viatu Kyaliwajjala, mteja akazima simu. Nikarudi Naalya, mwingine akasema hajaamua. Mafuta yangu nani analipa? Muuzaji anasema mteja, mteja hayupo. Bora mtu alipe angalau usafiri mbele kwa MoMo au Airtel Money, asali alipe akiionja.

Mzee_wa_Bombo · saa 9:58 alasiri
Mimi niliyeibiwa silipi mbele hata shilingi.

BodaWaWandegeya · saa 10:01 jioni
Mzee, na mimi niliyezimiwa simu siendi bila mafuta.

DadaVitenge · saa 10:20 jioni
Mko sawa wote wawili, ndiyo maana mimi naweka njia zote. Mteja mpya anakuja kuchukua pale kwa dada yangu Kikuubo, anaiona, anaionja, analipa. Akirudi mara ya pili tunatuma. Mrina, tafuta mtu mmoja Kampala mwenye kibanda, mwachie chupa 20, weka picha ya kibanda na ramani.

MhasibuNajjera · saa 11:02 jioni
Nyongeza: hao 171 ungekuwa na namba zao ungewatumia ujumbe wote leo. Weka kidirisha kinachoibuka, kimwombe mgeni namba kabla hajaona chochote.

KalamuYaJinja · saa 11:20 jioni
Hapana, hapana. Mgeni hajaketi unamwomba kitambulisho? Na kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka mtu aridhie, ajue unakusanya nini na kwa kazi gani, na mkusanyaji ajisajili kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Chukua namba ya aliyenunua, umwombe ruhusa ya kumjulisha mavuno yajayo, na akisema hapana mwache.

MhasibuNajjera · saa 11:31 jioni
La sheria nashukuru, sikulitilia maanani. La kidirisha nimefuta.

MrinaAsali_Arua · Ijumaa, saa 1:45 usiku
Wakuu, narudi na habari. Tangu Jumanne nimefanya haya kwa msaada wa Fundi_Ntinda, ambaye amekataa malipo, nitamtumia asali: picha 3 nyepesi, ukurasa sasa ni KB 640. Bei juu kabisa. Jina langu na picha yetu tukiwa mzingani. Maneno ya Kalamu, lakini babu nimemwachia mistari minne hapohapo mbele kwa ajili ya Mwalimu. Kitufe kinafanya kazi. Gharama ya basi imeandikwa. Picha ya asali iliyoganda iko.

Siku 3: wageni 58, ujumbe wa WhatsApp 11, waliolipa 4. Wawili kati ya wanne wametoka kwenye uzi huu. Saba waliobaki wote waliuliza swali moja: "Ni asali kweli?"

NyukiNaMaua_Masindi · saa 1:58 usiku
Unaona. Ni imani, tangu mwanzo.

FundiKurasa_Ntinda · saa 2:01 usiku
Wangeuliza vipi kama kitufe kisingefufuka na ukurasa usingefunguka?

DadaVitenge · saa 2:04 usiku
Mimi nimo kwa wale wawili. Niliona bei, nikalipa. Sikuuliza chochote.

MhasibuNajjera · saa 2:09 usiku
Wageni 58 kwa siku 3 ni karibu mara mbili ya kasi ya mwezi uliopita ukitoa roboti, lakini bado ni wachache. Nasema tena, leta watu.

Mzee_wa_Bombo · saa 2:30 usiku
Kijana wangu, nimeuona uso wako na wa mkeo. Nimeamua kujaribu. Nimebonyeza "Agiza chupa", simu yangu ni ya zamani lakini imefunguka upesi, nimefurahi. Fomu imenidai barua pepe. Mimi sina barua pepe na sijawahi kuwa nayo. Imekataa kuendelea.

MrinaAsali_Arua · saa 2:34 usiku
Samahani sana mzee. Nimemwambia Fundi, ameitoa sasa hivi. Jaribu tena.

Mzee_wa_Bombo · saa 2:47 usiku
Imepita. Sasa inaniuliza wilaya. Kuna Arua, Kampala na Wakiso. Bombo iko Luweero.

MrinaAsali_Arua · saa 2:49 usiku
Mzee nipe dakika kumi.

Mzee_wa_Bombo · saa 2:50 usiku
Nipo.